Baraka Haifutwi

Siku Lemburis alipotoweka, alikuwa amepita nyumbani kumwonyesha mwanawe uso wa mfalme wa Wajerumani.

Alikuwa anatoka stesheni ya Moshi, alikotumwa na bwana wake kuchukua kikopo cha bati kilichotoka Ulaya. Ndani, juu ya pamba, ililala sarafu ya dhahabu ya mwaka ule, 1913, ambayo haikuwahi kupita mikononi mwa watu. Bwana huyo, mwenye shamba la kahawa juu ya mji wa Arusha, alikusanya sarafu za namna hiyo, moja kwa kila mwaka. Alizishika kwa glavu nyeupe, ndiyo maana watu walimwita Bwana Glavu.

"Usiiguse," Lemburis alimwambia mkewe, Nanyori. "Nimeambiwa hata kidole kikipita juu yake, imeharibika."

"Mfalme gani huyu anayeharibika kwa kidole?"

"Muulize mwenyewe, masharubu anayo."

Nanyori alicheka. Alimtaka mumewe apumzike, ale kwanza.

"Siwezi. Kesho tunapanda miche ya kahawa, mashimo yote yameshachimbwa. Nisipofika leo atanila mimi."

Ndipo baba yake Lemburis, mzee Lerionka, alipoomba aione. Macho yake yalikuwa yamefifia, akainama mpaka karibu kabisa na pamba.

"Kitu kigeni hakipiti kwangu bila baraka," alisema, akaitemea mate, kama alivyowatemea wajukuu na ndama wote waliozaliwa katika boma lile. Mapengo yake yaliyatawanya mate. Matone matatu yalitua chini ya masharubu ya mfalme.

Lemburis aliyatazama. Alikuwa amekatazwa kuigusa. Tena baraka ya mzazi haifutwi. Alingoja yakauke, akafunga kikopo, akashika njia ya Arusha. Jua lilikuwa bado juu.

Hakuonekana tena.

Kabla ya wiki kuisha, askari walifika nyumbani kwao Tengeru. Bwana Glavu alikuwa amesema kwamba Lemburis hakufika shambani, ametoroka na dhahabu. Waliswaga ng'ombe wote, hata yule aliyekamuliwa maziwa ya mtoto.

Sokoni wanawake hawakumwonea haya Nanyori.

"Mwenzetu, mumeo sasa anakunywa chai Mombasa na suruali kavaa. Akikutumia kanga usitusahau."

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Mama mkwe wake, Nosim, alimngoja na wembe.

"Mwanangu hakuwa mwizi," alisema. "Kama hakurudi, amekufa. Kaa chini nikunyoe, tuache kulitaja jina lake."

Ndivyo ilivyokuwa kwao. Mjane alinyolewa kichwa, na jina la marehemu halikutamkwa tena.

"Lemburis yuko hai, yeyo, mama yangu," Nanyori alijibu. Alilitaja jina kwa makusudi. "Ameiba, amekimbia."

"Unamwita mumeo mwizi?"

"Mwizi hurudi."

Alikwenda kuomba kazi kwa Bwana Glavu. Lemburis akikamatwa, kule ndiko angeletwa kwanza. Mzungu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akampa kitambaa cha kufutia vumbi. Alimwonyesha kasha lenye kifuniko cha kioo, limetandikwa mahameli, na sarafu zimepangwa kila moja katika kitundu chake. Kimoja kilikuwa kitupu.

"Kasha likiwa wazi, hapa husemi wala hukohoi," alisema kwa Kiswahili chake kigumu. "Tone la mate likikauka juu ya dhahabu, huoni kitu. Baada ya miezi linatoka doa jekundu. Hilo haliondoki."

Basi Nanyori alijifunga kitambaa mdomoni, akafuta vumbi. Kila asubuhi alitazama kile kitundu kitupu kupitia kioo, na moyo wake ukatulia. Kitundu kikiwa kitupu, sarafu iko safarini, na miguu inayoibeba ni ya Lemburis. Usiku alimwomba Mungu ambariki mwizi wake, ampe njia isiyo na askari.

Mvua za vuli zilipita, kiangazi kikapita, masika yakaingia. Asubuhi moja Bwana Glavu alipata mgeni, mzungu mwenzake kutoka Momela. Nanyori alipoingia na kahawa, kasha lilikuwa mezani, limefunguliwa.

Kitundu kilikuwa kimejaa.

Nanyori alikikazia macho. Bwana Glavu aliyaona macho yake.

"Nimenunua nyingine," alisema. "Imetoka Ulaya juzi. Mumeo abaki na ile."

Mgeni aliinama juu ya ile sarafu, akasema neno kwa lugha yao, akacheka huku akionyesha kwa kidole. Bwana Glavu hakucheka.

Nanyori aliweka vikombe mezani, kimoja kimoja. Kisha akatazama pale kidole kilipoelekea.

Chini ya masharubu ya mfalme palikuwa na madoa mekundu matatu.

Jioni Nosim alimuuliza, kama alivyomuuliza kila siku, "Mwizi wako amesikika?"

Nanyori alikwenda kuuchukua wembe, akampa, akakaa chini.

Kesho yake, kichwa kikiwa kitupu chini ya kitambaa, alimwomba Bwana Glavu amtoe kazi ya nyumbani, ampe jembe akapalilie kahawa.

"Kahawa ipi?"

"Ile miche michanga iliyopandwa vuli," alisema Nanyori. "Yote."