Pambizo za Baba

Kisu kilikuwa kimeshagusa ukingo wa karatasi nilipoona maandishi ya penseli pambizoni: "Hapa nimewasha taa."

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Hiki kilikuwa mkusanyiko wa zamani wa hadithi za kutisha, za majumba matupu na wafu wasiotulia, na kingo zake zilizochakaa nilitakiwa kuzipunguza.

"Kata tu, fundi," alisema mwenye kitabu, mama mtu mzima aliyekaa akinisubiri. "Ni cha marehemu baba. Hakuna kitabu alichokipenda kama hiki. Mzee yule alikuwa haogopi kitu. Mwoga nilikuwa mimi, akinicheka mpaka basi."

Nikafunua mbele. "Hapa nimefunga dirisha." Kurasa kumi baadaye: "Hapa nimeangalia tena kama nimelifunga."

Hadithi ya mwisho nilimgeuzia mwenyewe. Akavaa miwani, akasoma polepole kwa sauti:

"Hapa nimehamia chumbani kwa binti yangu. Nimemwambia nimekuja kumlinda."

Kidole chake kilibaki juu ya maandishi yaliyofifia.

"Kumbe ndiyo maana alikuja na mto," alisema. "Weka kisu chini, fundi."