Pacha wa Minza

Pacha wa Minza walipozaliwa walipimwa damu, kama watoto wote. Cheti cha Kulwa kilisema atakuwa msomaji. Cha Doto kilisema hataweza, na sheria ilikataza kumfundisha mtoto wa namna hiyo, asije akateseka bure.

Minza hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Kila jioni alipomsomea Kulwa, alimtuma Doto uani kuchambua mchele.

“Mama, na mimi nije?”

“Maliza kwanza, mwanangu.”

Mchele haukuwa na mwisho.

Walipotimiza miaka saba, mkaguzi alikuja kuwajaribu. Kulwa alisoma ukurasa mzima wa kitabu alichosomewa jioni, bila kukwama. Doto alikishika kitabu juu chini, akaanza kuisimulia hadithi yote neno kwa neno, jinsi alivyoisikia kupitia dirishani.

“Huyu hasomi, amekariri,” mkaguzi alisema kwa upole. “Umeona, mama? Damu haikudanganya.”

Minza alipokea fomu ya mkaguzi. Akatia sahihi.

Mkaguzi alipoondoka, Doto alimvuta mama yake khanga. “Nimesoma vizuri, mama?”

“Vizuri sana,” Minza alijibu, na hakuweza kumtazama.