Spika ya Mtaa Mzima

Siku hizo kompyuta zote za mtaa ziliendeshwa na programu huria moja, wala hazikuruhusiwa kuzimwa. Ukirekebisha yako, za wote zimerekebishika. Zamda aliona ni neema, mpaka spika yake ilipoanza kujinyamazia. Kila asubuhi aliiwasha tena, maana mama yake kipofu alishinda peke yake akisomewa habari na kompyuta; kila jioni aliikuta kimya.

Akaenda kumuuliza jirani yake, Tausi.

"Ninayezima ni mimi," Tausi alisema. "Yangu inaongea kwa sauti ya marehemu mume wangu. Aliirekodi mwenyewe. Mtoto akiisikia, anamtafuta hadi chini ya kitanda."

"Basi nikufutie hiyo sauti, dada."

Tausi akamshika mkono. "Usiifute, nakuomba."

Asubuhi Zamda alikaa mbele ya kompyuta, begi la kazini begani.

"Mwanangu, utaniacha na ukimya huu?" mama aliuliza.

Akaandika amri ya kuwasha spika, akasita, akabonyeza. Habari zikaanza, mama akatabasamu. Zamda hakusikia hata neno moja. Alikuwa ametega sikio ukutani kwa Tausi.