Jina la Mashavu

Hebu niambie, wewe ungekubali kuitwa mfagiaji miaka sita baada ya kuuweka ufagio chini? Katika ofisi ile ya mji kila kompyuta ilibeba jina la anayeitumia, na majina yote yaliandikwa kwenye faili moja ya seva, ile kompyuta kuu, kila jina na namba ya kompyuta yake. Kompyuta ya Mashavu, aliyeanza hapo kwa kufagia na sasa akiitunza seva, bado iliitwa mfagiaji.

Siku hiyo aliifungua faili kwenye skrini nyeusi isiyo na picha, akafuta mfagiaji, akachapa polepole: mashavu, kisha namba. Halafu akapanda juu kabisa, akaongeza moja kwenye namba ya toleo. Juzi alisahau hiyo moja tu, na seva nyingine zinazoinakili faili hiyo hazikujua kama kuna jipya.

Akachapa amri ya kuisomesha seva faili upya; ikabaki kuituma tu.

"We mama, nani kakutuma?" Bwana Kitwana, mkuu wake, alikuwa kasimama nyuma. "Futa! Jina lile lina ubaya gani? Tumeshalizoea."

Mashavu akabonyeza kitufe cha kuituma amri, kikalia ta!

"Mmelizoea nyinyi, Bwana Kitwana. Mimi nataka niitwe Mashavu."