Nyumba ya Tarjei Yahama

"Umefika wapi?" mzee Tarjei aliuliza kutoka kitandani.

Patasi ikanyamaza upande wa pili wa ukuta. "Sebuleni, baba. Jikoni nimeshamaliza."

"Chonga alama ziingie ndani. Gogo lisilo na alama..."

"...halisafiri. Ulinifundisha kabla sijajua kushika kijiko."

Tarjei akacheka. Bintiye Gunnhild alikuwa damu yake kwelikweli. Nyumba hiyo ya magogo aliichora yeye mwenyewe ujanani, bila msumari hata mmoja, kila chumba na paa lake, kila chumba kikiweza kusimama peke yake, ili siku ikibidi ifunguliwe na kujengwa kwingine, kila gogo likirudi mahali pake kwa alama yake. Watu wa bondeni walimcheka. Nani anahama Telemark? Sasa Gunnhild alikuwa amepata kiwanja pwani, na baba yake alimpa nyumba kwa sharti moja: popote iendapo, yeye mzee naye aende, afie ndani ya kuta zake.

Simu ikalia. Bila shaka ni Sveinung, mwanawe wa kiume, aliyekataa useremala akakimbilia Oslo, kisha akapata uso wa kumwambia, "Usimpe nyumba, baba. Utajuta." Wivu mtupu. Lile jeraha la kukimbiwa na mwana halijapona mpaka leo, na msaliti hana la kumfundisha mtu. Tarjei akaiacha simu mpaka ikachoka.

Gunnhild akaingia na kahawa na mkate wa jibini ya kahawia. Akamfunika miguu blanketi, akalipanga vizuri kuliko ilivyohitajika.

"Na chumba changu?"

"Kunywa kwanza, baba. Alama nimemaliza zote. Nimekujazia na kuni."

"Kuni za nini, bibi wewe, nasi tunaondoka?"

"Baridi bado ipo." Alikuwa akitazama dirishani. "Chumba chako hakuna atakayekigusa leo."

Tarjei akaridhika. Binti mwenye adabu humwachia mzee kitanda chake hadi mwisho.

Winchi ikainua, watu wakapokea, sebule na jikoni vikapanda lori gogo baada ya gogo. Alasiri lori likashuka bondeni, gari la Gunnhild likifuata nyuma. Tarjei akapunga mkono mlangoni. Watarudi kuchukua kilichobaki.

Akarudi ndani, akachochea moto. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini vidole vyake bado vilikuwa vya fundi, na alitaka kuionja kazi ya bintiye. Alama hukaa kwenye pembe, upande wa ndani, kila gogo na yake.

Akapapasa pembe ya mlangoni. Akapapasa ya dirishani, kisha ya nyuma ya kitanda. Simu ikaanza kulia tena. Akarudi mlangoni, safari hii kwa mikono miwili, akashuka gogo kwa gogo mpaka sakafuni. Yote yalikuwa laini, kama alivyoyalainisha mwenyewe siku ya kwanza.