Bakuli la Ngano

Marita aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akamwaga bakuli zima la unga wa ngano kwenye ndoo ya jirani yake. Akakoroga kwa mkono mpaka unga mweupe ukamezwa na rojo la wimbi na muhogo, usijulikane ulikopitia. Akafunika ndoo kama alivyoikuta, akajifuta kwenye leso, akarudi kwake kwa kupitia nyuma ya vyoo. Mwenye ndoo, Aciro, alikuwa bado kwenye foleni ya bomba.

Kila mtu katika kambi ile ya polisi pale Kasese alijua kwamba mkate wa Aciro hautiwi ngano. Mjane huyo aliwahi kuwapikia wapanda milima kwa miaka mingi, akatoka huko na masufuria mawili ya chuma, mazito kama mawe ya kusagia. Jioni aliliacha rojo lake lichachuke uani. Asubuhi alilimimina kwenye masufuria, akayaweka juu ya makaa, na makaa mengine akayapanga juu ya vifuniko. Kila Jumamosi gari la hoteli moja ya Bugoye lilikuja kuchukua mikate kwa ajili ya wageni ambao matumbo yao hayaelewani na ngano. Wakila hata kidogo, alieleza Aciro, wanalazwa.

Marita alicheka sana aliposikia hayo. Yeye alikaanga chapati kule stendi ya mabasi kuanzia alfajiri mpaka jioni, na tumbo la kukataa ngano aliliona ni madeko ya watu wenye nafasi. Kicheko kilimwishia siku aliporudi ghafla kuchukua unga, akamwona mume wake, Gidioni, akitoka kwa Aciro huku akijifuta mdomo.

Tangu hapo hakuwa na raha. Gidioni huyu ndiye aliyemtoa kwao Bwera kwa ajili ya chapati. Alikuwa askari kijana asiyepita meza ya mama yake Marita bila kula mpaka alegeze mkanda. Sasa chapati hizohizo alizifunga kwenye gazeti, eti atakula kazini, na Umaru, mwenzake wa zamu, akapita stendi kumshukuru Marita kwa chapati tamu anazomtumia. Mwanamume amekonda, mashati yanamning'inia, na akiulizwa anasema ni kazi. Kazi gani, Marita alijiuliza, inayonukia moshi wa kwa Aciro?

Kilichomchoma zaidi ni yale maswali. Gidioni, ambaye hajawahi kushika mwiko maishani, alianza kumdadisi: chumvi unatia saa gani, maji yawe ya moto kiasi gani, samli unapaka kabla au baada ya kukunja. Marita akamweleza yote, maskini, akidhani anapendwa. Wiki ileile, alfajiri akiondoka, harufu ya samli na kitunguu ilimfikia kutoka kwenye masufuria ya Aciro. Ilikuwa harufu ya mkono wake mwenyewe. Wivu ulimshika. Yaani mwanamke achukue mume, achukue na upishi pia?

Alishafunga nguo zake na za binti yao, Desire, tayari kurudi Bwera. Ila hakutaka kuondoka akimwacha Aciro akicheka. Mgeni mmoja tu alazwe, hoteli iukatae mkate, Aciro afungashe arudi kwao Gulu, na ndoa yake ipone. Hivyo ndivyo alivyopanga, na hakuona aibu hata chembe.

Kesho yake, Jumamosi, hakwenda stendi. Alijibanza nyuma ya uzio wa mabati kusubiri gari. Aciro alipangusa makaa, akainua kifuniko, akaduwaa. Mkate ulikuwa umeumuka kuliko siku zote. Marita akatabasamu peke yake.

Gari halikutokea. Aliyetokea ni Gidioni, kofia mkononi.

Aciro akamkatia kipande kinene, naye akakila akiwa amesimama, kwa pupa ambayo Marita hakuwa ameiona nyumbani kwa muda mrefu. Alitamani kuingia, amtukane yule mwanamke mpaka kambi nzima itoke nje. Tayari alikuwa ameshika mlango wa uzio aliposikia sauti ya Aciro, sauti ya mtu aliyechoka kurudia jambo moja.

"Afande, hoteli iliacha kuchukua mukate tangu mwezi wa pili. Mimi nawasha huu moto kwa ajili yako tu. Bibi yako utamwambia lini?"

"Nitamwambia aje, dada? Yule roho yake yote iko kwa chapati. Nikisema daktari amekataza ngano, atafikiri ni yeye alikuwa ananiua."

"Ile siku ulilazwa ukamdanganya uko kwa kozi. Daktari alisema ukirudia ngano, safari hii huwezi kuamka."

"Ndiyo maana nakula kwako." Gidioni alicheka, akanyoosha sahani aongezewe.

Aciro alikata kipande kingine. Gidioni akakitia kinywani, akatafuna polepole, akafumba macho.

"Leo umeiweza, dada," alisema. "Leo ni kama ya Marita mwenyewe."