Jina la Arobaini na Moja

Programu ya wenye biashara ndogo ilikuwa rahisi kutumia na bei yake nafuu, ila kisheria iliruhusiwa kukumbuka watu arobaini tu. Mwanaisha, fundi cherehani, hakuwahi kulalamika, hadi bibi harusi mmoja alipoleta kitambaa.

"Nafasi zimejaa," programu ikasema. "Tumwondoe asiyeshonewa siku nyingi?"

Mwanaisha alikuwa na pini mdomoni. Akaitikia kwa kichwa.

Jioni mumewe, Kombo, akarudi na samaki. Duka na nyumba vilitumia mlango mmoja, na mlango uliisikiliza programu ile ile.

"Samahani, mgeni. Hatupokei wateja wapya."

Kombo akacheka, akamwita mkewe. "Mama Saumu, nifungulie."

"Mrudishe," Mwanaisha akaamuru.

"Sawa. Anayefuata kwa kutoshonewa ni Mwanaisha. Tumwondoe?"